Tumbaku ya Bi Loretta

Wallahi, billahi, tallahi. Nimeapa mara tatu ili asiyeniamini mara ya kwanza apate nafasi mbili za kutubu. Haya ninayoyasimulia yametokea yote, hapa hapa Malton, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege huku ughaibuni, katika jengo letu la ghorofa kumi na mbili, ambako ndege hupita karibu na madirisha hata nimekwisha kujua abiria yupi kalala na yupi anagombana na mkewe. Mkinishika na uongo, hata wa punje ya mtama, nitalipa faini atakayoitaja huyo aliyenishika. Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la sita kule Tanga, kusoma kwingine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia karanga. Lakini jirani yangu Mzee Alnasir namjua nje ndani, kwa kuwa mlango wake unatazamana na wangu.

Mzee Alnasir ana miaka sabini na tatu, amestaafu kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege. Anaishi na binti yake Farhat na mjukuu wake Sidra, msichana wa miaka kumi na mitano anayesikia Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Zamani walikuwa wanne. Reza, mume wa Farhat, alifanya kazi na mkwewe kwenye mabanda ya mizigo, na miaka mitatu iliyopita mapafu yake yalikataa. Siku ya mazishi, theluji ikiwafika vifundoni, mzee alishika bonge la udongo wa kaburi akaapa mbele ya binti yake kwamba hatagusa tena sigara. Farhat alimwamini. Alihitaji kuamini kitu siku ile.

Mzee alitimiza kiapo chake siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alishuka nyuma ya mapipa ya taka, akawasha, akavuta, akalia, akarudi juu anatafuna karafuu. Tangu hapo amekuwa akitafuna karafuu na iliki kutwa kucha, na Farhat akadhani baba yake uzee umemjia na uchu wa pilau.

Kila Alhamisi jioni Farhat huwasha mkaa kwenye chetezo, hutia ubani, humsomea Reza Fatiha. Sidra hupanda kiti kwa taulo mkononi kuziba king'ora cha moshi kilichoko darini. King'ora cha nchi hii hakijui moshi upi ni wa dua na upi ni wa moto. Kwake wote ni balaa.

Baada ya msiba, Farhat aliacha kazi yake ya karani akajiunga na shirika moja la afya mjini. Kazi yenyewe: kutengeneza tovuti ya kuwasaidia watu kuacha sigara, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi hii wanaoishi mjini, Waanishinaabe na wenzao. Si kuwatengenezea, kutengeneza nao. Ndivyo mkataba ulivyosema na ndivyo Farhat alivyoamini. Miaka miwili alikuwa akipanda mabasi mawili na treni ya chini ya ardhi kwenda kukaa na baraza la watu wanane, akisikiliza. Kiongozi wao alikuwa Bi Loretta, mwanamke mnene wa miaka sitini na tisa, dereva mstaafu wa basi la shule, mzaliwa wa kisiwa fulani katika ziwa kubwa la kaskazini. Akiongea polepole, watu hunyamaza haraka.

*

Asubuhi moja ya Machi Farhat aliweka kompyuta yake jikoni, juu ya sufuria ya biriani iliyopinduliwa ili uso wake uonekane vizuri kwenye simu ya video. Nyuso nane zilikuwa kwenye vijidirisha vyao. Mzee Alnasir alikuwa anasuuza kikombe kimoja kwa muda wa nusu saa, maana hapo palikuwa pazuri pa kusikilizia.

Landry, fundi wa kompyuta wa shirika, baba wa watoto watatu na mzaliwa wa Bukavu, alifungua ukurasa wa kwanza wa tovuti. Likatokea jani kubwa la kijani, limekatwa na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Jani hilo ni la nini?" Bi Loretta aliuliza.

"La tumbaku," Farhat akasema.

"Na huo mstari?"

"Ni... kuacha. Marufuku."

Bi Loretta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Bibi yangu alianza kila asubuhi na jani hilo. Aliliweka chini, akashukuru kwa siku. Hakulivuta kama garimoshi. Ninyi mmempiga bibi yangu mstari mwekundu usoni."



"Sigara za dukani zimemuua kaka yangu," akaendelea. "Jani halikumuua. Kama baada ya miaka miwili hamjui kutofautisha hayo mawili, hamna la kutusaidia."

Vijidirisha vikazimika kimoja kimoja, kama taa za jengo umeme unapokatika. Alibaki Landry peke yake, anajikuna shavu.

"Mama Farhat, ile desen mimi niliichora vile biro ilinituma. Walisema iwe rahisi, mutu aelewe mbiombio."

"Najua ofisi ndiyo iliyokutuma, Landry, na mchoro niliuona tangu Ijumaa. Moyo ulinikataza, nami nikanyamaza. Kosa ni langu."

Siku hiyo hiyo jioni barua ya bosi ikaingia. Ilikuwa ya adabu sana, kama barua zote mbaya za nchi hii. Baraza likikosa kurudi mezani kufikia mwisho wa Aprili, shirika litanunua tovuti iliyokwisha tengenezwa kwingine, na mkataba wa Farhat hautaendelea. Farhat aliisoma kwa sauti, kisha akafunga kompyuta.

"Unajua watakachofanya, baba? Watachukua hiyo ya kununua wabandike picha ya unyoya juu, eti ndiyo alama ya wenyeji. Basi. Miaka miwili ya watu kunieleza vifo vya ndugu zao, na wataishia kupewa unyoya."

*

Aliandika barua ya kuomba radhi, akaipasua, akaandika nyingine, mwishowe akapiga simu. Bi Loretta alimwambia maneno machache: "Njoo Jumamosi. Njoo na watu wako, nijue umetoka kwa nani." Mama mmoja wa baraza akamnong'oneza baadaye kwamba asiende mikono mitupu. Mtu akienda kumwomba mkubwa wa kwao jambo zito, hupeleka tumbaku. Si ya dukani. Ya shamba, isiyotiwa dawa, iliyopandwa na mtu anayejua anapanda nini.

Farhat aliitafuta siku tisa. Aliipata kwa mkulima mmoja wa hao hao wenyeji, aliyemhoji kwa simu kama anayeposa, kisha akampa konzi moja na kukataa malipo. Farhat aliifunga ndani ya kitambaa chekundu, akapiga fundo, akaiweka juu ya kabati kando ya chetezo.

"Ni nini hiyo?" Mzee Alnasir aliuliza, ingawa pua yake ilishamjibu.

"Tumbaku."

"Tumbaku? Nyumba hii?"

"Ya kumpelekea Bi Loretta."

"Mwanangu, unakwenda kwenye baraza la kuacha tumbaku na tumbaku mkononi? Hiyo si sawa na kwenda hitimani na ngoma?"

"Si ya kuvuta, baba. Ni ya kuombea. Akiipokea, amekubali kutusaidia. Asipoipokea, basi."

"Basi nini?"

"Basi nitafute kazi." Simu yake ililia. Akaichukua, akageuka mlangoni na kunyoosha kidole kuelekea kabatini. "Usiiguse."

Laiti asingesema. Kuna watu ambao neno "usiguse" kwao ni mwaliko.

Ijumaa, siku moja kabla, ilinyesha mvua ya barafu. Njia ziligeuka kioo, miti ikawa kama imevaa bangili, na ndege mia nne ziligoma kuruka, mimi nilizihesabu. Farhat alikuwa ametoka alfajiri na Sidra yuko shuleni. Saa nane mchana Mzee Alnasir aliingiza mkono ndani ya kiatu chake cha baridi, mahali alipoficha pakiti, akaikuta tupu. Duka liko ng'ambo ya barabara. Alifika mlango wa chini, akaona mtu mzima anateleza kwa makalio mpaka kituo cha basi, akarudi juu.

Alikaa akitazama kabati. Saa tisa alikuwa bado anatazama. Moyo ukaanza kumpangia maneno, maana moyo wa mvutaji ni wakili hodari. Ukamwambia: huyu binti anakwenda kuaibika. Ukamwambia: mgeni wa heshima hupelekewa kitu kizuri, na wewe unayo pakiti ya chai ya Usambara, daraja la kwanza, dada yako kaileta mwenyewe. Ukamwambia: utakuwa umemwokoa.

Akafungua fundo. Harufu iliyotoka haikuwa ya sigara. Ilikuwa ya shamba baada ya mvua. Akaimimina mfukoni mwa koti, akatia chai kwenye kitambaa, akafunga fundo kama alivyolikuta. Kwa kufunga mizigo hana mpinzani, miaka ishirini na saba alilipwa kwa hilo.

Nyuma ya mapipa aliisokota kwa karatasi ya tangazo la dukani. Alivuta pafu moja. Wallahi ndege iliyokuwa angani ilisimama. Magoti yakamwishia, akajikuta chini kwenye barafu anakohoa kama anayetapika mnofu wa kifua, na tumbaku yote iliyobaki ikamwagika kwenye maji machafu. Alipofumbua macho aliona, kando ya pipa, viatu vya Reza. Vile vya kazini, vya chuma mbele, vyenye kamba za njano. Hakuona miguu wala uso, viatu tu.

"Samahani, baba," akaviambia. Kisha havikuwapo.

*

Jumamosi walikwenda watatu, Farhat na kifurushi chake kifuani kama mtoto mchanga. Chumba cha baraza kilikuwa na viti vilivyopangwa duara, supu kwenye jiko, na mkate wao wa kukaanga ambao ni ndugu wa tumbo moja na andazi. Landry alikuwa amekaa karibu na mlango, tai imemkaba. Mzee Alnasir alipewa kiti cha starehe kwa sababu ya umri wake, na hakuna kiti kilichowahi kumchoma namna ile.

Farhat alisimama. Alisema jina lake, la mama yake, la bibi yake. Alisema nyumba yake ilivyopungukiwa na mtu mmoja na kwa nini. Aliomba radhi kwa ule mstari mwekundu. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, kifurushi juu yake.

Bi Loretta hakukipokea hapo hapo. Aliinama akanusa. Akakunja uso. Akafungua fundo, akatia vidole, akanusa tena.

"Binti," akasema, "hii ni chai."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Nilikuwa na miaka saba," Bi Loretta akasema, anaitazama ile chai. "Watu wa serikali walikuja nyumbani, wakachukua kifuko cha tumbaku cha bibi yangu, wakasema ni uchafu. Wakampa kipande cha sabuni. Leo mimi nimepewa chai." Akapumua. "Nadhani tumepanda cheo."

Safari hii hakucheka mtu. Farhat hakumtazama baba yake. Hilo ndilo linalomchoma mzee hata leo: kwamba hakuwa na haja ya kumtazama ili ajue.

"Kosa ni langu," Farhat akasema.

Mara ya pili mwezi ule. Mzee Alnasir aliisikia ile mara ya pili na akasimama bila kujijua.

"Si lake. Ni mimi."

"Wewe ulifanya nini?" Bi Loretta aliuliza.

"Nilibadilisha. Ile ya kwenu niliivuta."

"Uliivuta? Ikoje?"

"Ilinipiga magoti."

Kicheko kilizunguka duara zima, hata Landry akacheka, halafu kikafa, kwa sababu Bi Loretta hakuwamo. "Na chai ni ya nini?"

"Nilidhani ni aibu kuleta tumbaku kwenye baraza la kuacha tumbaku."

"Na ulikuwa na hamu."

"Na nilikuwa na hamu."

Bi Loretta alifunga kitambaa, akamrudishia Farhat taratibu, kwa upole uliouma kuliko kofi. "Hii siwezi kuipokea." Akamgeukia Sidra. "Wewe, mwanangu. Kwenu hamna moshi mnaoupeleka juu?"

Sidra alikuwa anatazama viatu vyake. "Upo," akasema. "Ubani. Kila Alhamisi, kwa ajili ya baba yangu."

"Na mtu akiuchukua huo ubani akaenda kuondolea harufu chooni?"

Mzee Alnasir alikaa chini na kofia yake akaivua, akaishika mapajani.

Bi Loretta alitoa kibahasha mfukoni, akakitia mkononi mwa mzee. Ndani mlikuwa na mbegu ndogo kuliko za mchicha. "Ulichokichukua, kioteshe. Hilo moja. La pili: kila anayetoka nje huja hapa kutuomba hadithi zetu. Sisi tunavuliwa nguo, wao wamevaa makoti. Wewe utatuletea hadithi yako pamoja na hayo majani. Iwe ya kweli, uiandike kwa lugha yako, mjukuu wako ataitafsiri. Ukivileta vyote viwili, tutazungumza."

"Majani yatakuwa tayari lini?" Farhat akauliza kwa sauti ndogo.

"Septemba."

"Ofisi imetupa mpaka mwisho wa Aprili."

"Basi ofisi ikauulize mmea."

*

Kwenye basi la kurudi Farhat alikaa viti vitatu mbele. Mzee alikuwa akitazama kisogo chake njia nzima. Nyumbani alipakua chakula, akaweka sahani ya baba yake mezani, akaenda kula chumbani. Aliendelea hivyo mpaka Julai. Salamu alitoa, dawa za presha alimwekea, adabu yote aliitimiza. Ila maneno yalikuwa yameisha.

Baraza zima lilitia sahihi barua ya kuitaka ofisi ingoje. Ofisi iliungoja mmea kwa masharti yake: siku za kazi za Farhat zilipunguzwa kutoka tano hadi tatu. Siku zilizobaki akaenda kupanga rafu kwenye duka la vyakula, amevaa aproni ya kijani yenye jina lake kifuani. Mzee alimwona huko siku moja, amepiga magoti kwenye njia ya rafu za mafuta ya kupikia, meneja anayeonekana mdogo kuliko Sidra anamwonyesha kwa ncha ya kiatu mahali alipokosea. Alirudi bila kununua mkate aliotumwa.

Mbegu alizipanda kwenye ndoo tano za samli, kibarazani. Mimi nawaambia, ile tumbaku iliota mpaka rubani mmoja akapunguza mwendo kuitazama. Ilikuwa na majani ya duara, mapana, na maua madogo ya manjano. Mvutaji kupewa tumbaku ailee asiivute ni sawa na fisi kukabidhiwa bucha. Usiku hakulala, mchana alitetemeka. Alitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi.

Kila asubuhi simu ya Sidra ililia kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Bi Loretta. Haukuzidi sekunde kumi. "Mmea umeamkaje? Na mzee je?" Siku nyingine: "Amekunywa maji? Atembee, azunguke jengo, halafu anipigie." Mara moja mzee alimjibu kwamba siku hiyo ameshindwa, amevuta nusu. Alingoja matusi. Ujumbe ukarudi: "Nusu nyingine hukuivuta. Mwagilia mmea."

Farhat alikuwa anazisikia zile sauti kupitia mlango wa chumba. Asubuhi moja ya Julai alitoka, nywele hazijachanwa, akamwambia Sidra: "Rudisha hiyo. Na ya jana. Unazo zote?" Aliketi akazisikiliza zote, miezi mitatu ya sekunde kumi kumi, mkono mdomoni. Kisha akampigia Landry.

"Landry, tulikuwa tunachora mabango. Hawa hawahitaji bango. Wanahitaji mtu wa kwao anayewauliza wameamkaje."

"Sasa ukurasa wa kwanza niweke nini, Mama Farhat?"

"Usiweke kitu. Tutawauliza wao. Wakisema sauti yao iwekwe, itawekwa. Wakisema isiwekwe, haitawekwa."

Septemba mzee alikata majani, akayaanika kibarazani kwenye kamba aliyokuwa Reza akianikia ovaroli zake. Hakuvuta hata moja. Alifunga konzi moja ndani ya kitambaa kile kile, na safari hii aliyenyoosha mikono ni yeye. Bi Loretta alinusa muda mrefu. Akakipokea kwa mkono wa kushoto, ule ulio upande wa moyo, akasema "Miigwech", ambayo ndiyo asante yao. Farhat aliinamisha uso akaufunika kwa mtandio.

"Na hadithi?" Bi Loretta akauliza.

"Inaandikwa," mzee akasema.

"Tutakaa mezani siku itakaposomwa."

Na mimi, jirani mwema, nikamsaidia kuiandika. Ndiyo hii. Imekwisha.

*

Ningependa sana iwe imekwisha. Niliweka nukta ya mwisho leo Alhamisi alasiri, nikampa Sidra atafsiri. Amekaa meza ya jikoni, anapitisha kidole chini ya kila mstari, midomo inacheza. Imemchukua saa moja na nusu.

"Babu."

"Naam."

"Mzee Alnasir ni nani?"

"Si yule jirani?"

"Jirani wa wapi?"

"Mlango unaotazamana na wetu."

"Mlango unaotazamana na wetu ni wa chumba cha takataka." Alikuwa ananijibu kwa Kiswahili, kilichopinda hapa na pale, lakini chake. "Bi Loretta alisema iwe ya kweli."

"Ni ya kweli yote, isipokuwa jina. Na rubani."

"Umeandika ukishikwa utalipa. Nimekushika."

"Haya, taja."

Nilidhani atataka simu mpya. Alirudisha kurasa nyuma, akaweka kidole mahali. "Hapa. Umeona viatu vya baba. Ukaviambia samahani. Samahani ya nini?"

Nilimtazama huyu mtoto. Ana nyusi za Reza.

Basi nalipa.

Naitwa Anverali. Hakuna Alnasir. Mkwe wangu Reza alikuwa ameacha sigara, miezi minne kamili, kabla hajaugua. Aliacha kwa ajili ya mkewe, na alikuwa ananenepa, anaimba akiendesha gari. Siku ya Idi tulishuka wawili kwenye maegesho. Sikupenda kuvuta peke yangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, nimeitafuta nyingine miaka mitatu. Nilimpa, akakataa. Nilimpa tena. Nikamwambia, "Moja haijawahi kuua mtu." Kulikuwa na upepo, kwa hiyo niliikinga njiti kwa viganja vyangu, naye akainama mikononi mwangu kama anayelishwa. Hakuacha tena mpaka walipomtia mipira ya hewa. Kule hospitali alinikonyeza mbele ya Farhat, kunionyesha kwamba hatasema. Hakusema.

Hayo nilimsimulia Sidra akiyaandika, na sasa alikuwa ameacha kuandika. Tulisikia ufunguo mlangoni. Farhat aliingia, aproni ya kijani mkononi, akavua viatu.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia.

Nilimwambia yote, Idi, upepo, njiti, kukonyezwa. Sikuongeza chumvi. Alisikiliza akiwa amekunja ile aproni mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika. Ndege ikapita, ikapita nyingine. Akainuka, na mimi nikajua anakwenda chumbani, na kwamba safari hii hatatoka mpaka nife.

Alikwenda kabatini. Akashusha chetezo, akawasha mkaa, akaupuliza mpaka ukawa mwekundu, akaweka mbele yangu. Akaweka na kopo la ubani. Miaka mitatu ubani wa Reza hakuruhusu mtu mwingine autie.

"Leo tia wewe," akasema. Sauti yake haikuwa ya kusamehe, wala ya kufukuza. "Mwambie mwenyewe."

Sidra akapanda kiti, taulo mkononi, akaziba king'ora.

Nikatia ubani. Moshi ukasimama wima, kisha ukaanza kupanda.

"Reza, baba," nikasema.